Neno Lililotua Mzigo Njiani

Mgeni akishuka Tabora, awe ametoka Dar es Salaam kwa treni au Mwanza kwa basi, wenyeji wake hawamuulizi kwanza kama safari ilimfurahisha. Wanampokea begi na kumwambia, "Pole na safari." Akiwa mtu mzima shikamoo hutangulia, kisha pole ile ile hufuata. Naye hujibu, "Nimeshapoa," hata kama miguu imemvimba kwa kukaa kitini usiku kucha. Tumezoea kusema hivyo tangu utotoni, wala hatujiulizi kwa nini mtu aliyesafiri astahili pole.

Sasa chukua tangazo lolote la utalii lililoandikwa kwa Kiingereza. Neno ni hilo hilo, safari, kwa tahajia yetu ile ile. Lakini humo safari hununuliwa, huchaguliwa kwa picha, na hufungwa kwa kutakiana furaha. Ndani yake mna gari lisilo na paa, simba, darubini na machweo. Mtu wa lugha hiyo akisikia kwamba tunapeana pole kwa sababu ya safari, atadhani tumepatwa na ajali.

Tofauti hii ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilipita hapa, kwenye njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, ikakata Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe ambako leo ni Tabora, kisha ikateremka hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Kiingereza kilipolichukua neno letu kilimchukua mwenye safari, na kadiri miaka ilivyopita kikamwacha mbeba mizigo. Kiswahili kimewahifadhi wote wawili. Naandika safu hii kwa sababu naona maana ile iliyopunguzwa ikianza kurudi nyumbani na kujifanya ndiyo maana kamili. Tukiiachia, tutapoteza kumbukumbu ya kazi kubwa kuliko zote zilizowahi kufanywa na watu wa magharibi ya nchi hii.

Neno lilivyoingia Kiingereza

Asili ya neno ni Kiarabu, safar, yaani mwendo wa kutoka mahali kwenda pengine. Wafarsi na wasemaji wa Kiurdu nao husema safar, na Waturuki husema sefer. Irabu ya mwisho, ile "i", ni alama ya Kiswahili. Ndiyo inayotuonyesha kwamba Waingereza hawakulipata neno kwa Waarabu wala kwa Wahindi, ingawa waliishi na kufanya biashara na wote hao kwa karne nyingi. Walilipata kwa Waswahili. Sisi tulikwisha kulifanya letu kabisa na kulizalisha: kusafiri, msafiri, msafara, usafiri, kusafirisha.

Miongoni mwa waandishi wa kwanza kulitumia neno hili katika Kiingereza ni msafiri Mwingereza Richard Burton. Yeye na John Hanning Speke waliondoka Zanzibar mwezi Juni 1857, na tarehe 7 Novemba mwaka huo wakaingia Kaze, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili uliokuwa kitovu cha Tabora ya wakati ule. Walipokewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara aliyewapa nyumba na chakula, na ambaye kwake Burton alipata mengi kuhusu nchi, njia na lugha za bara. Katika kitabu chake cha mwaka 1860, *The Lake Regions of Central Africa*, Burton anaeleza kwamba msafara kwa Kiswahili huitwa safari, na watu wa bara huuita lugendo. Mnyamwezi hahitaji kufasiriwa neno lugendo, na Mswahili yeyote atatambua kuwa ni ndugu wa mwendo na kwenda.

Hapo pana jambo la kuangalia kwa makini. Neno lilipoingia katika maandishi ya Kiingereza halikuwa na maana ya matembezi ya kuangalia wanyama, wala ya mtu mmoja na hamu yake ya kuona dunia. Lilikuwa na maana ya watu mamia pamoja na mizigo yao, wanaotembea kwa mstari mmoja. Kiswahili cha enzi hizo kiliwaita watu hao na mwendo wao kwa jina moja. Baadaye tukagawanya kazi: msafara ukawa wa watu, safari ikabaki ya mwendo.

Safari ilivyokuwa

Tuutazame msafara wa pembe ukitoka Unyanyembe kwenda pwani. Mbele kabisa ni kirangozi, kiongozi wa njia, aliyechaguliwa na wapagazi wenzake au aliyeajiriwa kwa ujuzi wake wa njia. Amevaa joho jekundu na ngozi ya mbega, kichwani manyoya, na mkononi bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar. Hakuna anayeruhusiwa kumpita. Nyuma yake wanafuata wabeba pembe, ambao ndio wenye heshima kubwa katika msafara. Pembe nene hubebwa begani, na kwenye ncha yake hufungwa kengele ya ng'ombe inayolia kila hatua. Pembe iliyomshinda mtu mmoja hutundikwa kwenye mti na kubebwa na wawili. Baada ya hao huja wenye mizigo mingine, ngozi, chumvi na tumbaku, kisha wanawake na watoto, wenye vyungu na mikeka. Barghumu hupigwa kutangaza kwamba watu wanakaribia kijiji.

Msafara ukitoka pwani kuja huku, mizigo ilikuwa nguo za merikani na kaniki, shanga za rangi mbalimbali, na nyaya za shaba. Frasila moja ilikuwa ratili 35, karibu kilo 16, na mpagazi aliweza kubeba hadi frasila mbili. Juu yake aliongeza mkeka wake, chakula chake na silaha yake. Kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe ni zaidi ya kilomita 800 kwa njia ya miguu, na msafara wa kawaida ulitumia kama miezi mitatu, ukipita Ugogo kwenye uhaba wa maji na ambako kila mtemi alidai hongo kabla ya kuruhusu watu kuendelea.

Waliobeba mizigo hiyo kwa sehemu kubwa walikuwa Wanyamwezi na majirani zao Wasukuma na Wasumbwa, na wengi wao walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake *Carriers of Culture* cha mwaka 2006, ameonyesha kwa kirefu kwamba upagazi ulikuwa kazi ya kitaalamu yenye desturi, vyeo na heshima zake. Wapagazi walijadiliana ujira na posho. Bwana akiwaonea au akipunguza chakula, walitua mizigo na kukataa kwenda, au walitoroka usiku. Walipanga safari zao kwa majira: walishuka pwani wakati wa kiangazi na kujitahidi warudi mvua zisiwakute mbali na mashamba. Katika Unyamwezi kijana aliyekuwa hajaiona pwani alihesabika hajakomaa bado, na watoto walizoeshwa kubeba vipembe vidogo tangu mapema.

Njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa. Tusifiche hilo kwa kutaka kuipamba. Walikuwapo watu waliotembea kutoka Manyema na kando ya ziwa hadi Bagamoyo wakiwa wamefungwa, na kwao safari haikuwa na ujira wala marejeo. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia wa UNESCO kwa jina linalotaja yote mawili, watumwa na pembe za ndovu, na Kwihara ya Tabora pamoja na Ujiji zimo. Neno safari limepita katika vinywa vya mtumwa, mpagazi na tajiri. Ndiyo maana lilikomaa likiwa na uzito.

Waswahili walivyoliandika wenyewe

Kabla Waingereza hawajalifanya neno hili kuwa la mawindo na likizo, Waswahili walikwisha kuandika vitabu vizima kulihusu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe tunayemjua kama Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi Tabora na kuoa katika ukoo wa Mtemi Fundikira, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa miaka ya 1900. Ni maisha ya safari tupu: hesabu za pembe, madeni ya Wahindi wa pwani, vita na njaa za njiani.

Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha mkusanyo wenye jina *Safari za Wasuaheli*. Humo Selemani bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya bara, iliyopita Tabora na kufika ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Na humo humo Salim bin Abakari anasimulia safari yake ya Urusi na Siberia, aliyoifanya mwaka 1896 akifuatana na Mjerumani. Kwa Mswahili huyo, kukatiza nchi ya theluji kulikuwa safari sawa na kukatiza Ugogo. Hakuhitaji simba wala twiga ili aite mwendo wake safari. Alihitaji umbali, shida za njia, na habari za kuwasimulia waliobaki nyumbani.

Ushahidi mwingine umo katika maneno tunayoyatumia kila siku. Tunasema mtu "amefunga safari", na kwa msafara wa zamani hakuna aliyeondoka bila kufunga mizigo kwa kamba, fundo baada ya fundo. Tunasema kituo cha basi, kituo cha reli, kituo cha afya, na kiini cha neno ni kutua, kuushusha mzigo begani. Posho, chakula alichogawiwa mpagazi, leo ni fedha anayodai mtumishi wa ofisi kabla ya kwenda safari ya kikazi. Mtumba ulikuwa robota la nguo lililofungwa kwa ajili ya bega la mtu mmoja, na leo mitumba inajaza masoko ya Tabora kama ilivyojaza maghala ya Kaze. Hongo, ushuru uliolipwa hadharani kwa mtemi na kujadiliwa na wazee mchana kweupe, leo ni rushwa inayopokelewa kwa kujificha. Hata neno lenyewe limepata matumizi ya kuhesabu: "safari hii hatukubali," "safari ya kwanza tulimsamehe." Kila tendo limekuwa mzunguko mmoja wa kwenda na kurudi.

Mtu anaweza kusema: basi na sisi tumebadilisha maneno yetu, kosa la Mwingereza liko wapi? Swali ni la haki na nitalirudia. Kwa sasa tazama tu jinsi mabadiliko yetu yalivyokwenda. Posho bado ni haki ya anayetumwa. Kituo bado ni mahali pa kupumzika. Mtumba bado hubebwa na mtu mgongoni kutoka kwenye lori. Mabadiliko yamefanywa na watu walioendelea kuishi ndani ya kazi ile, kwa hiyo jasho halijafutika.

Mabwana waliongoja

Wahenga walisema msafiri maskini ajapokuwa sultani. Kwihara, kilomita chache nje ya mji wa Tabora, tembe ya makumbusho ya Livingstone inathibitisha methali hiyo. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alifika Kwihara Juni 1871 na kukwama kwa vita vya Mtemi Mirambo. Baada ya kukutana Ujiji na David Livingstone, mmisionari na msafiri wa Kiskoti, walirudi wote wawili Kwihara Februari 1872. Stanley aliondoka mwezi uliofuata. Livingstone alibaki hapo hadi Agosti, akingoja wapagazi watakaotumwa kutoka pwani. Mtu aliyejulikana Ulaya nzima hakuweza kutoka nje ya Unyanyembe mpaka watu wa mizigo wafike. Burton naye, miaka kumi na mitano kabla, alipatwa na maradhi njiani hadi akabebwa kwa machela. Bila wapagazi hapakuwa na safari, na kila bwana aliyepita hapa alilijua hilo, hata kama vitabu vyao vina jina moja tu kwenye jalada.

Kisa kikubwa zaidi ni cha Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone. Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Wenzake walizika moyo wake hapo, wakaukausha mwili, wakaufunga na kuanza kuubeba kuelekea pwani. Mwezi Oktoba walifika Kwihara na kumkuta Verney Lovett Cameron, ofisa wa Kiingereza, aliyewashauri wamzike hapo hapo. Walikataa. Mbele ya Tabora waliona kwamba vijiji havitapenda maiti ipite, wakatengeneza mwili wa bandia na kuurudisha Unyanyembe kana kwamba unakwenda kuzikwa. Mwili wenyewe wakaufunga upya ufanane na mtumba wa nguo, mzigo wa kawaida ambao hakuna mtu angeutilia shaka. Februari 1874 waliwasili Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili Livingstone akazikwa Westminster Abbey, London.

Ukiniomba mfano mmoja wa maana ya safari katika Kiswahili, nitakupa huo. Wale watu walikuwa na mzigo, ahadi, akili ya njia na subira ya miezi tisa. Sisi hadi leo tukisema familia imemsafirisha marehemu kwenda kuzikwa kwao, Urambo, Nzega au Kigoma, tunalitumia neno kama walivyolitumia wao.

Neno lilivyopungua

Reli ndiyo iliyobadilisha mambo. Ile ya Uganda ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ule ukawa mahali pa matajiri wa Ulaya na Marekani kuanzia mawindo. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa na kufanya msafara mkubwa wa mawindo ukiwa na mamia ya wapagazi. Kitabu chake cha 1910, *African Game Trails*, kilisomwa sana, na magazeti yaliyomfuatilia yalilipeleka neno safari katika nyumba za watu wa kawaida ng'ambo. Kwao likawa na sura ya mzungu mwenye bunduki na kofia pana. Mwandishi Ernest Hemingway aliwinda Tanganyika na mwaka 1935 akatoa *Green Hills of Africa*, sura ile ikazidi kukomaa.

Huku kwetu reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kazi iliyochukua miezi ikawa ya siku. Magari yalipoingia porini, mwindaji hakuhitaji tena wabeba mizigo, na kamera ilipochukua nafasi ya bunduki, safari ya Kiingereza ikawa ya kuketi na kutazama. Kisha neno likauzwa kila upande. Mwaka 1966 Longleat huko Uingereza ilifungua bustani ya simba ya kupita kwa gari, na bustani za aina hiyo zikaitwa kwa neno letu. Mwaka 1968 mbunifu wa mavazi Yves Saint Laurent wa Ufaransa alilivumisha koti la safari katika mavazi ya kike. Mwaka 2003 kampuni ya Apple ikalipa jina hilo programu yake ya kuingilia intaneti. Hata Waarabu wamelirudisha kwao likiwa limevaa vazi jipya: Dubai ina bustani ya wanyama iitwayo Safari, ingawa mzizi wa neno ni wao.

Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba hilo halikulipata neno safari peke yake. Kiingereza kilikuwa na neno jingine kwa misafara yetu, caravan, lenye asili ya Kifarsi. Ukilisema leo Uingereza, mtu ataona chumba chenye magurudumu kinachovutwa na gari kwenda likizo pwani. Majina yote mawili waliyoitwa maelfu ya watu wenye kilo 30 begani yameishia kwenye mapumziko.

Linganisha na neno tulilolichukua sisi kwao. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi yote ya Afrika Mashariki yalitegemea wabeba mizigo. Tabora yenyewe ilitekwa na jeshi la Wabelgiji Septemba 1916, na nyuma ya kila askari walikuwapo wapagazi. Makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi, njaa na kuchoka. Kikosi cha wabebaji cha Waingereza kiliitwa Carrier Corps. Waswahili wakalitamka Kariakoo, na ndilo jina la soko kuu la Dar es Salaam, kama lilivyo pia la mtaa wa Nairobi, ambako huandikwa Kariokor. Wao walichukua neno letu wakamwacha mpagazi. Sisi tulichukua lao tukampa mpagazi mojawapo ya sehemu zenye watu wengi zaidi mjini, ambako bado anapita na mzigo kichwani akipaza sauti apishwe.

Tufanye nini na neno letu

Nalirudia swali la haki. Lugha hazina mipaka ya mashamba, na neno likiazimwa mwenye kuazima hulitumia apendavyo. Sisi wenyewe tumezichukua meza za Wareno na shule za Wajerumani, hatukuomba ruhusa. Sidai Kiingereza kiturudishie neno wala kirekebishe kamusi zake. Madai yangu ni kwetu.

La kwanza ni kwa walimu. Mwanafunzi wa Tabora akiandika kwa Kiingereza kwamba baba yake yuko "on safari" Kigoma, hajakosea. Ni matumizi ya zamani ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, na hata maofisa wa kikoloni walipokwenda kukagua wilaya zao walisema hivyo hivyo. Mwaka 2022 kamusi ya Oxford iliingiza karibu maneno na misemo 200 ya Kiingereza cha Kenya, Uganda na Tanzania, jambo linaloonyesha kwamba wakubwa wa lugha hiyo nao wanatambua matumizi ya huku. Mwalimu amweleze mwanafunzi kwamba msomaji wa mbali ataelewa habari ya wanyama, na kwamba akimwandikia huyo ni salama zaidi kutumia "trip" au "journey". Lakini asimpige alama ya X. Hilo ni suala la kumjua msomaji.

La pili ni kwa wafasiri na watangazaji. Nimeanza kusoma matangazo ya Kiswahili yanayosema "njoo ufanye safari" yakiwa na maana ya kutembelea hifadhi. Kiswahili kina maneno yake kwa jambo hilo: kwenda mbugani, kutembelea hifadhi, utalii wa ndani. Mkoa wa Tabora sasa una sehemu yake katika Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyotangazwa mwaka 2019, na nafurahi wageni wakija. Tuwaambie wenzetu kwamba watafunga safari hadi Ugalla kutazama wanyama. Safari ni ile ya kwenda, na ya kurudi pia.

La tatu ni kwa wenye mji huu na wanaoutunza urithi wake. Tembe ya Kwihara inajulikana kwa jina la Livingstone, na ni sawa, aliishi humo. Lakini mgeni anayetoka pale anapaswa kujua kirangozi alikuwa nani, frasila ilikuwa kilo ngapi, Chuma na Susi walikataa nini, na neno analolitumia kila mara katika lugha yake lilitoka kwa nani. Simu yake yenyewe huenda ina programu yenye jina hilo. Sioni utangulizi bora zaidi wa historia ya Tabora kwa mgeni wa Kiingereza kuliko kuanzia na neno ambalo tayari limo mdomoni mwake.

Na kuna sababu ya leo kabisa. Wapagazi hawajaisha. Mlima Kilimanjaro hupandwa na wageni kwa mabega ya vijana wetu, ambao mizigo yao imewekewa kikomo cha kilo 20 baada ya malalamiko mengi, na ambao ujira na chakula chao bado ni jambo la mvutano. Picha za kileleni huwa na mgeni peke yake. Neno linalomficha mbebaji humzoesha msikilizaji kutomuona, na asiyeonekana ni rahisi kupunjwa. Wapagazi wa Unyamwezi walilijua hilo, ndiyo maana walijadili posho kabla ya kuinua mzigo.

Kwa hiyo tuendelee kupeana pole na safari, hata kwenye reli mpya ya SGR inayojengwa kuja Tabora, ambayo itapunguza uchovu wa njia kuliko wakati wowote. Mtoto akiuliza pole hiyo ni ya nini, tusimwambie ni mazoea tu. Tumwambie kwamba watu wa kwao waliijenga biashara ya bara na pwani kwa mabega, kwamba walifanya hivyo kwa ujuzi na kwa ujira waliougombania, na kwamba neno safari ni lao kwanza. Akilijua hilo kwa Kiswahili, atalisema kwa Kiingereza bila kusahihishwa na mtu.